Mama Kwanini na Kiti cha Mkono Mmoja

Mwalimu wetu wa fasihi anastaafu Ijumaa hii, siku ya kufunga shule, baada ya miaka thelathini na moja katika chumba kile kile cha mwisho wa korido. Ofisini wanamjua kwa jina lake kamili. Kwa wanafunzi ni Mama Kwanini, na baadhi ya wazazi wetu, waliosoma hapa kabla yetu, walimwita hivyo hivyo.

Alipofika alipewa chumba kilichokuwa stoo ya samani mbovu, akaambiwa achague zinazofaa. Humo alichomoa kiti kilichobaki na mkono mmoja, akakifuta vumbi, akakiweka mbele ya darasa. Yeye mwenyewe hakukikalia. Kikawa kiti cha mhusika. Anayekikalia huwa ni mtu wa kitabuni: husema "mimi", hasemi "yeye", na darasa humhoji mpaka aishiwe majibu. Mwenye jibu bora huja akashika mgongo wa kiti, na aliyekaa hana budi kumpisha.

Hapo ndipo tulipojifunza kuchambua. "Usiniambie huyu ana wivu," husema Mama Kwanini. "Hilo ni jina tu. Niambie wivu wake unakula nini, unalala wapi, na mikono yake inafanya nini jirani akisifiwa." Kwa ushairi ni vivyo hivyo. Ukimwambia shairi ni tamu atakujibu kwamba hata embe ni tamu. Yeye anataka kujua nani anasema, anamwambia nani, na amenyamazia nini.

Mafanikio yake ni mengi. Kikundi chake cha maigizo kimeleta vikombe ambavyo kabati la ofisi limeshindwa kuvifungia. Aliwahi kuombwa awe naibu mkuu wa shule akakataa, akisema cheo kitamfanya mhusika bapa, na yeye kwa umbo na kwa tabia ni duara. Mkuu wa shule bado anasimulia habari hiyo, na bado hacheki sana.

Mtu wa namna hii haachi kuonewa wivu. Mwalimu wa hesabu, ambaye kipindi chake hufuata, amezoea kutukuta tukigombania mtu aliyekufa sehemu ya tatu ya tamthilia. "Hawa marehemu wenu hamuwaziki?" hutuuliza. Siku moja alikuta wasichana wawili wanafuta machozi, akaweka chaki mezani, akasema kwa huzuni, "Pembetatu zangu hazijawahi kuliliwa."

Nyumbani hali ni hiyo hiyo. Mume wake, fundi saa, alituambia kwamba meza yao ina viti viwili lakini hula watu watatu au wanne, kwa kuwa mkewe hurudi na wageni wa kitabuni. "Wanangu, mimi nimeshindana na wafalme," alisema, akaendelea na saa yake. Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, alikuwa na wivu mkali zaidi. Akiwa mdogo aliazima sare ya jirani, akaja kukaa dawati la nyuma katika darasa la mama yake ili na yeye anyooshe mkono. Mama yake alimtazama kama hamjui, akamuuliza, "Na wewe, binti, umetoka hadithi gani?" Binti anasema alijibu, ingawa jibu lenyewe hatuambii, na kwamba ndiyo siku aliyoruhusiwa kula chakula cha mchana na mama yake kwenye chumba cha walimu.

Katika darasa letu kiti kile kilikuwa kama mali ya Kinanda, mwenzetu tuliyempa jina hilo kwa sababu ya sauti yake. Akiketi, hata wahusika waovu wanapendeza. Mimi ninayeandika haya nimekaa dawati la nyuma ya Kinanda tangu kidato cha kwanza, nakijua kisogo chake kuliko anavyokijua mwenyewe, na sikuwahi kukikalia kiti hicho. Mwalimu alipotangaza kwamba anaondoka, nilitaka kitu kimoja tu, nikikalie kabla hajaenda.

Kipindi cha mwisho kilikuwa cha tamthilia ya mhunzi, ambayo amewafundisha wote waliopita hapa. Mhunzi mzee anamwachia nyundo yake mwanagenzi mdogo. Mwanagenzi mkubwa, aliyemtumikia muda mrefu zaidi, anaiiba na kuitupa kisimani. Kinanda alikuwa kitini, ndiye mwanagenzi mkubwa, na Mama Kwanini akamuuliza swali ambalo huwauliza wote.

"Kwa nini kisimani? Tanuri lilikuwa hapo hapo linawaka."

"Ili isionekane tena," alijibu Kinanda, kwa sauti ambayo ingemtosha hakimu.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nina wivu."

Mwalimu alitikisa kichwa, akageukia darasa. Hapo nilinyanyuka, nikapita katikati ya madawati, nikashika mgongo wa kiti. Kinanda alinitazama, kisha akanipisha. Nikaketi. Upande usio na mkono sikujua niuweke wapi mkono wangu.

"Haya, mwanagenzi," alisema Mama Kwanini. "Kwa nini kisimani?"

"Motoni ingekwisha," nilisema. "Mimi sikutaka iishe. Kisima kile ndimo ninamochota maji kila asubuhi. Nilitaka niwe nainama juu yake kila siku nikijua iko chini, mpaka nipate ujasiri wa kuitoa."

Mwalimu alitembea mpaka dirishani, akarudi.

"Nani kakuambia?"

"Nimekaa nyuma ya Kinanda, mwalimu."

Darasa lilicheka, naye alicheka nasi, akitoa miwani na kuifuta kwa kanga yake. Hakunisifu. Alimgeukia Kinanda, aliyekuwa bado amesimama. "Na wewe sasa una wivu?"

"Kidogo, mwalimu."

"Vizuri. Niambie unakula nini."

Kengele ililia Kinanda akiwa bado anatafuta jibu, na mwalimu wa hesabu alisubiri mlangoni.

Mwalimu, tunakushukuru kwa kila kwa nini. Wewe na mumeo mnakwenda kuishi kwa bintiyo, na huko kuna mjukuu anayeanza kusoma, ambaye kuanzia Jumamosi atakuwa na wewe peke yake. Tunamwonea wivu, nawe utatuuliza unakula nini, na tutajibu. Kiti kitabaki mbele ya darasa. Kinanda na mimi tumepewa kazi ya kukifuta vumbi, kwa zamu, na tayari tumegombania zamu ya kwanza. Maisha ya huko yawe mema, yenye afya na wageni wengi wa kitabuni. Na siku ukitukumbuka, usituhesabu kuwa tulitupwa motoni. Kisima unakijua kilipo.