Madam Joan Anastaafu, Sufuria Zimeisha

Baada ya miaka ishirini na saba ya kazi katika shamba hili la waridi, Bi. Joan Wangeci, msimamizi wa ukumbi wa kupanga maua, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Weldon Kiplimo wa chumba cha baridi, niandike wasifu wake kwenye programu hii ya sherehe kwa sababu eti ninamfahamu vizuri. Ukweli ni kwamba nimemsumbua kuliko wafanyakazi wote.

Alianza kama kibarua wa kung'oa magugu, akaenda kukata waridi, kisha akapewa ukumbi mzima. Shina likipungua sentimita moja, analiona akiwa upande wa pili wa meza. Neno lake ni moja: "Unanichosha." Ukichelewa, unamchosha. Ukifunga shada vibaya, unamchosha. Hata meneja amewahi kuambiwa hivyo, akaomba msamaha.

Mimi nilimchosha kwa pombe. Mwaka wa 2022 nilikuwa na barua mbili za onyo, na mke wangu Linah alikuwa amefunga nguo za watoto tayari kurudi kwao. Barua ya tatu ingenimaliza. Madam Joan aliniita stoo, akasema mahubiri nimeshasikia ya kutosha, ninachohitaji ni kukaa na watu walioacha. Tutafute kikundi. Tulidhani ni kazi ya siku mbili.

Jamani! Nambari tuliyopewa Nakuru ilipokelewa na mtu anayeuza vifaranga. Ofisi moja ilituambia tuje Jumatatu. Jumatatu mhusika alikuwa semina, na Jumatatu iliyofuata alikuwa amehamishwa. Bondeni tulielekezwa kwenye ukumbi, tukakuta mazoezi ya kwaya. Kanisa moja lilikuwa tayari kunipokea, mradi nitoe ushuhuda mbele ya watu Jumapili hiyo hiyo, na mimi mikono bado inatetemeka. Madam Joan alimalizia likizo yake kwenye safari hizo, akinuna njia nzima.

Kisha nikaharibu mambo. Nilienda zahanati peke yangu, nikaulizia kikundi cha kusaidiana. Nikaonyeshwa mlango, nikakaribishwa vizuri sana, nikaulizwa kama nameza dawa zangu kwa wakati. Nikasema sina dawa yoyote. Wote wakanionea huruma. Kumbe ukitaja kikundi cha kusaidiana pale, kila mtu anajua ni cha wanaoishi na virusi, isipokuwa mimi! Niliona aibu kuondoka, nikakaa hadi mwisho, na nakiri walinitendea wema kuliko ofisi zote. Lakini jirani aliniona nikitoka. Kufika jioni Linah alikuwa ameshaambiwa, ikabidi Madam Joan aje nyumbani kumweleza kwamba mumewe ni mlevi tu, hana lingine. Sijawahi kufurahia kuitwa mlevi kama siku ile.

Basi akasema amechoka na kutafuta. Akapanga viti chumbani kwake mtaani Karagita, Jumamosi saa nane mchana, akaita wengine wanne aliojua wanateseka kama mimi. Lakini nani angekubali kuonekana akiingia? Ndipo akawatangazia majirani kwamba ni chama cha sufuria, kama vile vya wanawake wanaochangiana kununuliana vyombo. Wanaume watano, chama cha sufuria! Ploti nzima ya wapangaji ilicheka wiki mbili, ila hakuna aliyeuliza zaidi.

Shida ikaanza kwa wake za wenzangu. Kama ni chama cha sufuria, sufuria iko wapi? Madam Joan, huku akilalamika, akaanza kutugawia zake. Ukimaliza miezi mitatu bila kuonja, unabeba moja nyumbani. Yangu ni ile kubwa ya ugali, imebonyea ubavuni, na Linah anaipikia mpaka leo. Barua ya tatu haikuja. Sasa tuko kumi na mmoja, na jikoni kwake imebaki sufuria moja ya chai.

Halafu anastaafu! Chumba anamrudishia mwenye ploti, yeye anaenda Kabazi kulima viazi. Mwezi mzima nimemuuliza sisi tutakaa wapi, na mwezi mzima namchosha. Wiki iliyopita nilimwomba hata aahirishe kustaafu. Akaniuliza swali: mtu akishuka Karagita kesho akitafuta kikundi kama tulivyotafuta sisi, ataelekezwa wapi? Ataambiwa hapa hakuna kikundi cha namna hiyo, kuna chama cha sufuria tu. Miaka minne nimezilaani zile ofisi, na kumbe hata sisi tulijificha.

Majina ya wenzangu ni yao, siyataji. Langu nimeshaliandika hapo juu, kwa ruhusa ya Linah.

Madam Joan, asante kwa likizo zako, viti vyako, na sufuria zako zote. Tunakuombea afya, viazi vinene, na miaka mingi ya kutochoshwa na mtu.

Nawe unayesoma programu hii huku umeficha mikono chini ya meza: Jumamosi, saa nane mchana, nyumbani kwa Weldon Kiplimo, geti la kijani nyuma ya posho mili ya kusagia unga, Karagita. Ni kikundi cha walioacha pombe na wanaotaka kuacha. Sufuria zimeisha.