Kisigino Changu na Sukari Niliyoificha

Assalaam alaykum. Kiti mlichoniwekea nimekiona, ahsanteni, lakini leo nitasema nikiwa nimesimama.

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wenye sukari, mimi fundi chokaa. Kuta nyingi za Mji Mkongwe zimepita mikononi mwangu, na sioni haya kujisifu. Nilipogundulika na sukari nikaificha kazini, maana msimamizi angesikia asingenipandisha tena jukwaani. Alijua mke wangu tu.

Basi siku moja ubao wa jukwaa ukateleza, nikatua kwa miguu. Kisigino cha kulia kikavunjika vipande.

Daktari akanieleza njia mbili. Ya kwanza, anapasua pakubwa ubavuni mwa kisigino, anafunua ngozi, anauona mfupa wote, anaupanga na kuufunga kwa bamba la chuma. Ya pili, anapasua padogo chini ya kifundo na kupitisha skurubu. Haoni sana, lakini ngozi inasalimika. Mimi na ujuaji wangu nikadakia nataka ile kubwa. Ukuta ulioharibika ndani mimi hubandua lipu yote, sichungulii tunduni. Daktari akacheka, akasema kwa mwenye afya yake hata yeye angeifikiria. Kisha akauliza kama nna maradhi mengine.

Nikasema sina.

Mke wangu, aliyekaa kando yangu, hakunyanyua hata jicho. "Mwambie," akasema, "au nimwambie mimi."

Aibu niliyoona, nawaambieni, sijapata kuiona. Nikasema. Daktari hakunigombeza. Alisema wangenipima damu na wangegundua tu, lakini bora nimesema mapema: kidonda kikubwa pale, kwa mwenye sukari, huweza kukataa kufunga hata mguu ukapotea. Tukachagua ndogo. Wakaishusha sukari kwanza, uvimbe ukasubiriwa upungue mpaka ngozi ikafanya makunyanzi, ndipo nikapasuliwa. Kidonda kikafunga vizuri, alhamdulillahi.

Namshukuru daktari, nawashukuru wauguzi, na nyinyi mlionifundisha kula. Mke wangu yule pale nyuma, anajifanya hasikii. Mguu huu ni wake.

Nawaombeni kitu kimoja: mkiulizwa, semeni. Siku ya kurudi kazini nilimwendea msimamizi kabla ya yeyote, nikamwambia nna sukari na nilimficha. Akaniuliza:

"Ushakula asubuhi?"

"Nshakula."

Akaenda akaishika ngazi kwa mikono miwili. "Haya, fundi. Panda."