Marehemu Chini ya Vikombe

Kijiwe cha Bi Birika kina benchi moja na birika moja, na tangu majuma mawili yaliyopita kina meza. Meza yenyewe ni kompyuta ya zamani, boksi la chuma la rangi ya kijivu, limelazwa ubavu na kutandikwa kitambaa, na vikombe vya kahawa vinakaa juu yake. Watu wa pale wanaiita Marehemu. Aliyeileta ni Mizania, mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi lililo ng'ambo ya barabara, mtu aliyepewa jina hilo kwa sababu hata sukari kwenye kahawa huitazama mara mbili kabla ya kuikoroga. Asubuhi hiyo alikuja amekumbatia kompyuta mpya, ile ya kukunja, na uso umemshuka. Kwenye benchi walikuwapo Gia, dereva wa malori aliyestaafu usukani lakini si mdomo, na Pindo, fundi cherehani, anayezijua methali zote ila hajui zinatumika lini.

— Imegoma, alisema Mizania, hata salamu hakutoa.

— Nani kagoma, shemeji? aliuliza Gia.

— Programu! Ile ya hesabu. Miaka kumi na saba tumekwenda nayo, naingiza vocha za malipo nimefumba macho. Mashine hii imefika jana, leo naihamishia programu kwa flashi, mashine inasema haiijui.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Pindo.

— Mwenyeji ndiye anayeugua, Pindo!

— Basi atapona. Methali haijasema siku.

Bi Birika alimmiminia kikombe, akakiweka juu ya Marehemu.

— Kunywa kwanza, baba. Kwani kuna haraka gani?

— Mpwa wa bosi kanipa hadi saa sita. Isipofunguka, wananunua programu ya kisasa, ya kwenye simu. Na mimi, kasema, "mzee wetu ukapumzike."

Gia aliambiwa akapumzike miaka sita iliyopita, na tangu hapo hajawahi kulala vizuri. Mizania alikuwa na hofu, na hakuificha. Njaa haikumtisha, maana wanawe wanajitegemea. Kilichomtisha ni kuamka asubuhi, kunyoa ndevu, kuvaa shati, kisha akose pa kwenda.

— Sikilizeni, alisema Gia. Mimi nimebadilisha injini nyingi. Ukitia injini ya zamani kwenye bodi mpya, matundu ya bolti hayakutani. Hapo hatafutwi mganga, zinatafutwa bolti.

— Programu haina bolti, Gia.

— Umeifungua ukaona?

Mizania hakuwa ameifungua akaona.

— Mimi naona ni tarehe, alisema Bi Birika. Hiyo programu imelala miaka kumi na saba ndani ya boksi, unaiamsha ghafla unaiambia mwaka ndio huu. Hata wewe ungezimia. Irudishieni saa nyuma, muiamshe taratibu.

Wazo lilikuwa na akili kidogo, na mtu anayezama haulizi kamba ni ya nani. Mizania akairudisha tarehe hadi mwaka ule programu iliponunuliwa. Mtandao ukakatika, mashine ikaanza kulalamika kuhusu usalama, na programu haikutikisika.

— Mwaka huo nilikuwa na meno yote, alisema Gia. Usiguse tena, tubaki huku huku.

Mizania akairudisha tarehe mahali pake. Kisha akakumbuka aliloelekezwa na fundi mmoja wa simu, kwamba kuna mahali pa kubonyeza ili programu idanganywe, idhani bado iko kwenye mfumo wake wa zamani. Akapatafuta, akapapata. Akachagua mfumo wa zamani kuliko yote iliyoorodheshwa, akabonyeza huku amebana pumzi.

Dirisha la kijivu likatokea. Lile lile, na picha ya daftari kwenye pembe. Mizania alicheka kwa sauti, akampiga Pindo begani.

— Si unaona! Huyo! Huyo hapo!

— Anasemaje? aliuliza Bi Birika.

— Anasema... niweke sidii.

Sidii alikuwa nayo, imefungwa kwenye leso mfukoni. Akaitoa. Akaigeuza kompyuta mpya upande wa kulia, wa kushoto, akaichungulia hata chini. Haikuwa na tundu la sidii popote.

— Mkasi ninao, alisema Pindo.

— Thubutu!

— Katundu kadogo tu, kisha nakapiga pindo vizuri.

Dirisha la kijivu likajifunga lenyewe. Mizania akatazama saa. Saa tano na nusu.

— Ngojeni, alisema Pindo, na safari hii alisimama kabisa. Tatizo ni adabu. Hii mashine ni kijana, kaingia nyumba ya watu, kawakuta wakubwa, hajaamkia. Imsalimie Marehemu kwanza. Mkiziweka pamoja, hii ikatoa shikamoo, ile ikaitikia, mambo yatanyooka. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo kikulacho inaingiaje hapo? aliuliza Gia.

— Itaingia tu.

Na kwa kuwa zilibaki dakika thelathini, Mizania, mhasibu mwenye vyeti vitatu ukutani, alisogeza vikombe pembeni akaiweka kompyuta mpya juu ya ile ya zamani. Wote wanne wakainama kusikiliza.

Walikutwa hivyo hivyo na mnunuzi wa vyuma chakavu, mtu wa makamo, anasukuma mkokoteni wenye mizani.

— Habari za hapa. Kijana wa dukani kanituma, kuna kompyuta mbovu niichukue. Ndiyo hiyo ya chini?

— Ndiyo, alisema Gia.

— Meza yangu! alisema Bi Birika.

— Ilikufa nini?

Bi Birika alishika pembe ya kitambaa cha meza.

— Nauliza ili nijue bei, alisema yule mtu. Mbovu napima kwa kilo. Nzima naipeleka kwa watu. Hii ilikufa nini?

Gia alikitazama kikombe chake hadi chini. Pindo alifungua mdomo, na methali zote zikamkimbia. Maana majuma mawili nyuma ni hapo hapo kwenye benchi walipomcheka Mizania kwa sababu mashine yake ilikoroma hadi ikasikika ng'ambo ya barabara, kama chungu cha maharage. Mhasibu mzima na chungu ofisini! Mizania aliposema bosi hanunui mpya wakati ya zamani inafanya kazi, Gia akamwambia, "Mwambie imekufa." Pindo akamalizia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Mizania akaenda akamwambia bosi. Mama huyo, ambaye kwa miaka kumi na saba hajawahi kumtilia shaka, alimpa pole ya msiba, akaagiza mpya siku hiyo hiyo. Jambo hilo lilimuuma Mizania tangu siku ile, naye akalifunika kwa kitambaa na vikombe.

— Mbona kimya? Si nimeuliza ilikufa nini tu?

Mizania alichukua kikombe cha Gia akampa mkononi, cha Pindo akampa mkononi. Akaondoa kitambaa, akafuta alama za kahawa kwa leso.

— Haikufa, alisema. Kila kitu kimo humu ndani.

— Wazo! Pindo akaruka. Mwambie bosi imefufuka!

— Nitamwambia haikufa. Nitamwambia nilimwongopea.

— Atakufukuza, baba, alisema Bi Birika.

— Akinifukuza, anifukuze kwa uongo wangu, si kwa uzee wangu.

Wakaipakia kwenye mkokoteni. Mizania alivuka barabara akiishikilia kwa mkono mmoja isiteleze, ile mpya kaibana kwapani.

— Na vikombe vyangu sasa niviweke wapi? aliuliza Bi Birika.

Wakakaa, kila mtu na kikombe mkononi, macho kwenye dirisha la duka. Kahawa ikapoa. Bi Birika akatikisa birika, halikuwa na kitu. Mnunuzi wa vyuma alitoka na mkokoteni mtupu, akapita zake. Saa sita ikagonga, ikapita.

Halafu kutoka ng'ambo ya barabara likaanza koromo, zito, la chungu cha maharage.

Gia alivua kofia.

— Shikamoo, Marehemu, alisema.