Baba wa Kwenye Shuka

Benchi letu liko nje ya duka la baiskeli la Rotich, Kitale, njia ya kwenda Endebess, na mama Wilkista hutuuzia kahawa hapo. Mwenye akili kwenye benchi hilo ni mimi. Shule niliacha darasa la tatu, nikawaachia wengine nafasi. Mwaka wa arobaini na tisa gari la sinema ya serikali lilikuja, likatundika shuka ya kuonyeshea picha uwanjani. Tukaonyeshwa mwalimu msafi kama yai, na baba mbeba mizigo asiyejua kusoma, aliyeshika barua ya shule juu chini. Uwanja mzima ukacheka. Baba yangu, mbeba magunia ya mahindi pale stesheni, akaondoka kabla haijaisha.

Tangu hapo alikataa kwenda shuleni kuweka alama ya kidole kwenye fomu ya dada yangu Sellah, aliyepata nafasi ya shule ya bweni Bungoma. Ati hataki kuchekwa. Mwisho wa kurudisha fomu ulikuwa Jumamosi saa sita mchana, na asubuhi hiyo benchi bado lilikuwa linabishania ile sinema.

— Yule hakuwa mwalimu, alisema Mbugua, tunayemwita Jaji. Aliandika na mkono wa kushoto.

— Jaji, si wewe ulikaa nyuma ya shuka? Huko picha inageuka, hata mimi ningeonekana mashoto.

Hakunisikia. Rotich akaapa kwamba yule baba ni mzungu aliyepakwa masizi. Wilkista naye akasema hata mtoto alikuwa mtu mzima, ila mfupi. Nilicheka kuliko wote, maana anayecheka haulizwi habari za kwao.

Ndipo akafika mwalimu Zachary, aliyenifundisha hizo herufi chache nilizo nazo, fomu ya Sellah mkobani. Jaji akamuuliza kama wazazi wajinga hivyo wako kweli.

— Yule baba aliitwa nani? akauliza mwalimu.

Mwalimu wa sinema alikuwa na jina, mtoto pia, hata mbwa. Jina la baba, hakuna aliyelijua.

— Wangu anaitwa Eliakim Mukhisa, nikasema. Twende nikupeleke.

Tulimkuta stesheni, gunia mgongoni. Mwalimu hakungoja ajipanguse. Alimpa mkono baba akiwa vile vile na vumbi.

— Mzee Eliakim, Sellah anasoma kwa huu mgongo wako. Nimekuja kusema asante.

Baba akashusha gunia, akaweka kidole pale alipoonyeshwa. Mimi, mwenye maneno ya kuuza, nikainama. Nikalibeba lile gunia. Hatua ya nne likanilaza chini, na baba akacheka mpaka akashika mbavu.