Luteni Kanimet Jooshbaev, Aliyekaangiwa Mkate wa Wafu Akiwa Hai

Marehemu Kanimet Jooshbaev alizaliwa mwaka 1918 katika malisho ya Sari-Jon, Naryn, mtoto wa pili wa mzee Jooshbay na mama Apal. Kitambulisho chake kinasema tarehe mosi Mei. Kitambulisho kinasema uongo, karani aliandika siku iliyomjia mdomoni. Mama yao alisema alizaliwa siku ya theluji ya kwanza, na mama ndiye aliyekuwepo. Aliyemtangulia kuzaliwa, kwa miaka miwili, ni dada yake Batma.

Alisoma shule ya kijiji madarasa saba, 1927 hadi 1934. Wengi watasimama leo waseme hakuwahi kushindwa mbio. Alishindwa. Kabla ya kumshinda mtu yeyote alishindwa na dada yake kila asubuhi wakikimbiza wanakondoo, mpaka alipofika miaka kumi na mmoja. Siku aliyompita aligeuka akamwambia, "Pole, dada. Ndio uzee huo." Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Mwaka 1938 alishinda kilomita tano mjini Naryn, na 1939 akashinda Frunze, mji mkuu, mbele ya umati, kwa viatu vya kuazima vilivyomzidi kidole kizima. Akachukuliwa chuo cha michezo. Aprili 1941 alimwoa Riskul binti Kalcha, wa bonde la pili. Juni vita vikaanza, Agosti akaitwa. Kwa kuwa alijua kusoma, na miguu yake ilikuwa na jina, alipelekwa kozi ya maofisa ya miezi sita, akatoka luteni, akapewa kikosi cha upelelezi.

Yaliyompata huko aliyasema mara moja tu, kwa dada yake, mwaka 1951, wakikata manyoya ya kondoo. Januari 1944 kikosi chake kilizingirwa katika msitu wa vinamasi ng'ambo ya mto Lovat. Walibaki watu kumi na mmoja na yeye. Redio imekufa. Akawaambia, "Mwenye miguu ni mimi. Kaeni hapa, asiondoke mtu mpaka nije mwenyewe." Akakimbia kilomita kumi na nne kwenye theluji ya magotini. Akafika, akapewa watu, akarudi siku ya pili. Akawakuta wote kumi na mmoja wamekaa mistari miwili chini ya misonobari, bunduki mapajani, nyuso zimeelekea njia aliyoondokea, wamekufa kwa baridi. Adui alikuwa ameondoka zamani. Njia ilikuwa wazi, wangeweza kutoka.

"Walinitii, dada," alisema. "Mimi nilifundishwa kukimbia. Kuamrisha watu sikufundishwa sawasawa."

Alikuwa bado anawafumba macho kombora lilipoanguka. Aliokotwa hana hati wala sauti, akalala hospitali tatu kwa miezi kumi na tisa.

Huku nyumbani karatasi nyeusi, ile ya kutangaza kifo cha askari, ilifika mwezi Machi. Mama alivaa msiba. Riskul alifumua nywele, na mtoto wao Anarbek ana miaka miwili. Tangu wiki ile, kila Alhamisi jioni, walichemsha mafuta wakakaanga mkate ili harufu imfikie, kama kila nyumba ya hapa inavyowafanyia wafu wake.

"Wifi, njoo ushike unga," Riskul alimwita Batma.

"Mimi simkaangii mtu aliye hai."

"Karatasi si hiyo hapo?"

"Karatasi imewahi kumkimbilia nani? Huyo hata kifo kikimfukuza kitaishiwa pumzi."

"Haya, kaa na kiburi chako. Mume ni wangu."

Kanimet aliingia kwa miguu yake Alhamisi ya tarehe 18 Oktoba 1945, mafuta yakiwa jikoni. Mama yake alimshika miguu kwanza, kisha kivuli chake akakikanyaga, ndipo akalia. Batma alikuwa amesema kweli, na watu wa kijiji hiki wanajua kwamba hakuwaacha wasahau.

Lakini siku ile ile marehemu alisema neno ambalo Batma hakulipenda. Alisema kule hospitalini kila Alhamisi alisikia harufu ya mafuta ya kondoo, akashiba bila kula, na wauguzi wakadhani ni homa. Aliifuata harufu hiyo mpaka nyumbani.

"Tatizo," alisema, "harufu ya wafu haichagui. Na askari wangu waliisikia. Sikuja peke yangu."

Mbwa alikuwa amekwishaingia chini ya mkokoteni.

Alifundisha mazoezi ya mwili katika shule ya kijiji tangu 1946 hadi alipostaafu 1978. Wanafunzi wake walileta vikombe, ila yeye mwenyewe hakukimbia mbele ya mtu tena. Alikuwa wa mwisho kila mara, taratibu, kama anayevuta kitu. Jirani mmoja alimtania, "Mwalimu, ng'ombe wangu amekupita."

"Huyo ng'ombe hana watu nyuma yake," akajibu.

Waliomfuata asubuhi za baridi waliona wenyewe: alipita mtu mmoja, alama zikabaki za wengi.

Riskul alimzalia pia Gulsun na Zeynep. Kwa miaka arobaini na mitatu, kila Alhamisi, alikaanga mikate kumi na mmoja zaidi ya ile ya nyumba, na mumewe akasimama mlangoni akaita majina, moja moja. Batma hakushika unga hata mara moja. Alisema wanalisha upepo.

Marehemu aliugua mapafu Novemba 1988. Januari hospitali ikamrudisha nyumbani. Kilichomnyima usingizi hakikuwa kifua. Alitaka kujua, akishakufa yeye, nani atawakaangia.

"Mimi nimechoka," Riskul alimwambia, na dada yupo, anasikia. "Miaka yote hiyo hata ahsante sijaisikia. Wape amri waondoke. Si wewe ofisa wao?"

"Niwaamrishe waende wapi? Hawana kaburi."

"Kwa mama zao."

"Mama zao wamekufa wakiwasubiri."

Kisha akamtazama dada yake. Dada akatazama jiko.

Alhamisi, tarehe 23 Februari, siku ya jeshi, Riskul na Anarbek walikwenda mjini kumpokelea medali yake, na theluji ikafunga njia nyuma yao. Batma alibaki na mgonjwa. Saa kumi jioni alitoka na kapu kuchukua samadi ya kuwashia moto. Mbele ya mlango, katika theluji ya mchana ambayo hakuna aliyeikanyaga, palikuwa na alama za viatu vya askari, mistari miwili, jozi kumi na moja, vidole vimeelekea mlangoni. Za kufikia hazikuwepo. Za kuondokea hazikuwepo. Mbwa alijilaza chini ya mkokoteni, amejikojolea.

Batma hakimbii. Alisimama na kapu lake akasema, "Wenye adabu hupiga hodi."

Theluji ikalia, kama inavyolia mtu aliyesimama muda mrefu akihamisha uzito toka mguu huu kwenda huu.

Aliingia ndani, akafunga mlango.

"Wamefika?" Kanimet aliuliza.

"Kina nani?"

"Dada, usinifanye mtoto."

"Wamefika. Wamesimama tu."

"Wanasubiri."

"Si wewe uliyewafundisha kusubiri?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Dada akakanda unga. Alikaanga kumi na mmoja. Marehemu akaita majina akiwa kitandani, na kwenye la saba sauti ikamwishia. Yaliyobaki aliyamaliza Batma. Alikuwa ameapa hakuwahi kuyasikiliza. Baadaye akauma mkate mmoja. Ulikuwa wa moto bado, na haukuwa na ladha wala harufu, kama kutafuna sufu.

Usiku wa kuamkia kufa, Kanimet aliuliza tena lile swali lake. Dada akainuka kuchochea moto. Alifariki Ijumaa, tarehe 3 Machi 1989, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini. Jibu la dada linasomwa leo mbele ya watu, ili asiwepo wa kulirudisha.

Ameacha mke, Riskul, ambaye amefanya yake na sasa akae. Ameacha watoto watatu, Anarbek, Gulsun na Zeynep, wajukuu tisa, na dada, Batma. Ameacha pia Yegor, Ospan, Gabdulla, Mikola, Tursun, Levon, Ignat, Mamed, Nikifor, Demyan na Osip. Hao wasisubiri tena kwenye mlango wa marehemu. Alhamisi ijayo, na kila Alhamisi Batma akiwa na pumzi, watakaangiwa kwake, nyumba ya nne baada ya daraja, mlango wa buluu. Wataitwa kwa majina. Mtakaosikia hatua njiani jioni hiyo, wapisheni.

Luteni asigeuke nyuma kuwatazama. Wana pa kwenda. Udongo na umwie hariri.