Bi Namba, Aliyesubiri Mpaka wa Mwisho Ahame

Binti yetu, aliyejulikana kwa wengi kama Bi Namba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1987, alfajiri ya mvua, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba seremala.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko, kisha sekondari ya bweni, akahitimu chuo cha kompyuta mwaka 2010. Akiwa na miaka kumi alipunguza kidogo karatasi ya mama yake ya kukatia kola, asimwambie mtu. Mafundi wanne wa mama wakakatia karatasi ileile, na kola ishirini za sare zikagoma kukaa shingoni. Mama hakumchapa. Alimwambia, "Mwanangu, kubadilisha si dhambi. Ila karatasi mpya iandike namba mpya, na ya zamani iache msumarini mpaka wa mwisho amalize mashati yake."

Maneno hayo ndiyo yakawa kazi yake. Kwa miaka kumi na mitatu alifungasha programu za Linux, mfumo wa kompyuta unaotolewa bure. Alitunza maktaba za pamoja, yaani kipande kimoja ambacho programu nyingi hukiegemea. "Ni kola zako zile, mama," alisema akicheka. "Kikibadilika bila namba mpya, wote wanaanguka na hawajui wamekosa nini." Kifurushi kisichotaja namba ya maktaba kinayoitegemea alikirudisha. "Kaandike, kaka. Mimi si mpiga ramli." Ndipo wenzake wakambandika jina.

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole. Mungu akawajalia binti mmoja.

Novemba 2023 aligundulika ana saratani ya damu. Wodini aliomba kompyuta yake. Maktaba mpya ilikuwa tayari na wakubwa walitaka ya zamani itolewe, lakini programu moja ilikuwa bado inaitegemea, ile ya kuwasomea vipofu kwa sauti. Mama alimsihi apumzike.

"Nikiitoa leo, mama, kesho kuna mtu ataamka asisikie kitu."

Aliirekebisha programu hiyo kidogo kidogo ihamie maktaba mpya, kwa vidole vilivyovimba. Tarehe 31 Mei akafunga kompyuta. "Wote wamehama," akasema, akalala usingizi mzuri.

Aliaga dunia tarehe 3 Juni 2024, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama yake.

Ameacha mume, binti wa miaka saba, wadogo wawili, baba, na mama. Hao walimwegemea yeye, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kuhama.

Mungu aliyetujalia yeye ampumzishe kwa amani yake, naye atushike sisi.