Mama Wiki Moja

Ndugu zangu, mimi ni kitinda mimba wa nyumba yetu. Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya sita wa fundi saa na mkunga. Alinilea kwa upendo na makofi, na makofi ndiyo yaliyozidi. Nimemsamehe.

Alimaliza sekondari mwaka 1979, akapata cheti cha ushonaji mwaka 1982. Hesabu zilimpiga chenga, lakini mdomo alijaliwa.

Mwaka 1986 aliolewa na shemeji yetu, seremala. Siku ya posa, maswali yote aliuliza yeye. Walijaliwa watoto wawili.

Kuanzia mwaka 1988 alifanya kazi katika kituo kinachowaandaa vijana wenye ulemavu kuingia kazini. Kijana wa kwanza aliyempeleka kuomba kazi alikuwa akisema polepole, basi dada akamjibia kila swali mbele ya mwajiri. Mwajiri akasema, "Basi nikuajiri wewe, mama." Alirudi analia njia nzima. Tangu hapo alijifunza kuuma ulimi, jambo ambalo nyumbani hatukuwahi kuliona.

Hakumpeleka kijana kwenye kazi ambayo yeye mwenyewe hajaijaribu, tena kwa hali ya kijana huyo. Ghalani alipanga makopo kwa mkono mmoja, wa pili kaufunga kiunoni. Halafu humwambia mwajiri, "Huruma yako kaa nayo. Mpe wiki moja tu." Ndipo wakamwita Mama Wiki Moja.

Novemba iliyopita aligundulika kuwa na saratani ya ini. Tukamwambia apumzike. Thubutu! Mwezi Mei alikwenda kwa dobi, akajifunga kitambaa machoni, akapiga pasi mashuka asubuhi nzima, kwa ajili ya binti mmoja asiyeona. Dobi akamaka, "Mama, huyo binti ataungua!" Dada akamwonyesha kidole chenye lengelenge: "Nimeungua mimi ninayeona. Yeye amezoea."

Binti alianza wiki yake ya majaribio Jumatatu hii. Jumatatu hiyohiyo dada alinishika mkono, sauti imekwisha: "Nikiondoka, binti asije kuzika. Akiomba ruhusa sasa, watasema walijua tu hataweza." Nilikasirika, jamani. Nilimwambia hata kifo chake anataka kukipangia ratiba. Alicheka. Alifariki kesho yake, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka mmoja, sisi wadogo zake wanne, na vijana wengi walioketi hapa mbele, ambao leo wameomba ruhusa makazini kwao.

Hili la mwisho halimo kwenye karatasi mlizoshika. Leo ni Ijumaa, siku ya tano ya majaribio ya binti. Dobi amenipigia sasa hivi, tukiwa tunaingia hapa.

Dada, binti ameajiriwa. Hakuja kukuzika, yuko kazini. Sasa pumzika, tena kwa amani.